Tuta Letu la Thumama

Mwezi wa pili wa Doha ulinichanganya tangu mwaka wa kwanza. Kwetu Lushoto huo ni mwezi wa kutayarisha mashamba. Watu wanapindua udongo, wanatazama mawingu, mwaka wa mkulima ndio unaanza. Kule Thumama, mtaa wa Doha tuliokaa, mtunza bustani, Mbangladeshi mmoja mpole asiyepandisha sauti, siku moja aliniambia msimu umekwisha, ng'oa kabichi. Kesho yake akaniambia msimu ndio huu, panda upesi. Nilidhani ni Kiarabu chetu cha jikoni, chake na changu, kilichokuwa kinagongana. Baadaye nikaelewa kwamba alisema kweli mara zote mbili. Mboga za baridi zilikuwa zinakwisha, na mboga za joto, bamia na mchicha na mlenda, zilikuwa na nafasi ndogo ya kuota kabla jua halijawa kali. Yote hayo yalifanyika kwenye tuta moja, kwa wakati mmoja, nami nimeshika jembe la mkono nisijue nianze na lipi.

Bustani yenyewe ilikuwa eneo lililozungushiwa ukuta nyuma ya nyumba za mtaa, limegawanywa vipande vipande, na kila nyumba iliyotaka ilipewa kipande chake. Ndege za abiria zilipita juu yetu zikishuka uwanjani, chini kiasi kwamba uliona magurudumu. Madamu, bosi wangu, hakuchukua kipande kwa kupenda kilimo. Alifanya kazi ofisini West Bay na kucha zake hazikuwahi kuona udongo. Alikichukua kwa ajili ya mama yake. Daktari alikuwa ameshauri kwamba bibi huyo, ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoroka, atolewe nje kila asubuhi na apewe kitu cha kushika mikononi.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza huyo bibi. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimvisha, nilikaa naye. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabiri, yaani mama mkubwa; moyoni mimi nilimwita Bibi tu. Alikuwa mwembamba, mikono yake imejaa mishipa, na alipenda kushika ncha ya mtandio wangu tukitembea, kama mtoto sokoni. Jina langu hakulishika hata mara moja. Aliniita Dada. Sikuona ajabu, kwa sababu Waarabu wengi humwita yaya hivyo, na nilishazoea kusikia neno hilo kama lao. Hata hivyo kila aliponiita, sikio langu lilisikia la kwetu. Mtu wa umri wa bibi yangu akiniita dada yake. Nilikuwa naitika.

Asubuhi za kwanza zilikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Nilivunja gamba la juu la udongo, jeupe kwa chumvi, nikachanganya na samadi ya kondoo iliyoletwa kwa magunia. Nilinyoosha mipira ya maji inayotona tone tone, nikazibua matundu kwa sindano. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu, figili ikiwa mkononi, akiisafisha kwa pindo la abaya. Ndege aina ya shore walikuwa wanapiga kelele kwenye mkunazi wa ukutani, na hudihudi alishuka kila siku akachoma udongo kwa mdomo wake mrefu, akitembea nyuma yangu nilipolima kama vile nilikuwa nalima kwa ajili yake.

Siku moja, baada ya mvua ya radi, nilikwenda kujaza ndoo. Niliporudi Bibi alikuwa amepiga magoti katikati ya tuta la nyanya, anachimba kwa mikono miwili. Miche niliyokuwa nimeihamisha juzi ilikuwa imelala pembeni. Nilimuuliza anatafuta nini. Akanijibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa kazini, kwamba anatafuta faga, ule uyoga wa jangwani unaoota chini ya mchanga radi ikishapiga. Alidhani yuko jangwani na watu wake, ni mtoto, na mvua imenyesha jana. Kwa upande wa mvua alikuwa sahihi. Sikujua nimwambie ukweli au nichimbe naye. Nilichimba naye. Tulichimba mpaka kiazi kimoja cha zamani kilichosahauliwa kikatokea, akakipangusa, akakinusa, akanipa nikiweke kwenye ndoo, ameridhika kabisa.

Tuta la jirani yetu lilitunzwa na mama mmoja wa Kenya, mtu wa Kisii, yaya wa watoto mapacha. Alinipa mbegu za mchicha, ila yeye aliziita terere, na ilituchukua muda kujua kwamba tunazungumzia mboga moja. Kila siku tulibishana hivyo. Mnavu wangu alisema ni managu, mgagani wangu alisema ni saga. Alikuwa anacheka na kusema Watanzania tumejifanya wenye lugha. Nilichanganya zile mbegu nyeusi na mchanga mkavu zisimwagike pamoja, nikazimwaga kwenye mifereji, Bibi akapitisha kiganja juu yake akizifunika. Mikono yake ilijua kazi hiyo bila kuambiwa.

Miche ilipotoka ilikuwa imesongamana, ikabidi ipunguzwe. Nilikuwa nimeinama nikichomoa mmoja mmoja, na Bibi kando yangu anafanya hivyo hivyo. Akachomoa mche, akauinua kwenye mwanga, akasema taratibu, "Mchicha."

Nilimtazama. Yeye hakunitazama, aliuweka mche chini, akachukua mwingine.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kalisikia kwa jirani. Lakini jirani alikuwa anasema terere, kila siku terere. Basi kalisikia kwangu. Hilo liliwezekana, huwa naongea peke yangu nikilima, tabia ya mama yangu. Lakini huyu ni mtu asiyeshika jina langu, asiyeshika kama amekula, atashikaje jina la mboga ya watu wengine? Siku zilizofuata nilimjaribu. Nilisema maji, nikasema jembe, nikasema jua, nikasema njoo Bibi tukae kivulini. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Hudihudi akashuka, nikamwonyesha kwa kidole nikamuuliza huyu nani. Akasema hudhud, na hapo sikupata lolote, kwa sababu neno ni lile lile kwao na kwetu. Nikaanza kujitilia shaka masikio yangu. Miaka mingi ugenini, nikajiambia, unaanza kusikia kwenu hata pasipokuwapo.

Wakati huo ndege wengine walikuwa wamehamia kwetu. Sikujua jina lao kwa lugha yoyote. Walikuwa na miguu mirefu ya njano, kichwa cheusi, na kipande cha ngozi nyekundu mbele ya jicho, na sauti yao ilikuwa ya kuudhi kama king'ora cha gari lililoguswa. Walitaga mayai chini kabisa, kwenye kijishimo kitupu, mahali hasa nilipoandaa kupanda bamia. Mayai yalikuwa na rangi ya tope na madoa meusi, nusura niyakanyage. Kila nilipokaribia, mmoja alikimbia akiburuta bawa kama limevunjika, nikamfuata kwa huruma, na alipoona nimefika mbali akaruka mzima. Mara ya pili nilijua ni hila, lakini nilimfuata tena. Mtunza bustani alishauri niyahamishe mayai. Jirani akasema niyaache, bamia ninunue dukani. Nikawa natumia nusu ya asubuhi nikizunguka tuta langu mwenyewe kama mwizi.

Halafu ikaja siku ya upepo. Shamali ilivuma tangu alfajiri, mchanga ukatanda hewani, minara ya West Bay isionekane. Tusingetoka, ila Bibi alikuwa amekaa mlangoni tayari amevaa viatu, akilia kimya kimya, na asingenyamaza mpaka nimpeleke. Jirani naye alikuwa kule, anafunga wavu wake wa kivuli usipeperuke. Nikaenda kufunga wetu. Kigingi cha mwisho kilikuwa karibu na mayai. Nilipopiga hatua, ndege akasimama juu ya mayai yake, amefungua mabawa, ananipigia kelele usoni. Upepo ulikuwa unanichapa mchanga machoni, wavu unanitoka mikononi, nikachukua jiwe dogo. Nilikusudia kumtisha tu, nadhani.

Mkono ukanishika nyuma. Bibi alikuwa ameinuka kitini bila msaada, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima.

"Mwate," aliniambia. "Mwate, Dada. Yuna wana."

Jiwe likaanguka. Mimi sisemi hivyo. Sijawahi kusema hivyo maishani. Sisi tunasema mwache, ana watoto. Niligeuka kumtazama jirani, naye alikuwa ameacha kamba zake, amesimama.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia," alisema. "Hiyo si yako, na si yangu. Hiyo ni ya Pwani. Lamu, Mombasa huko, wazee wa zamani."

Nilimshika Bibi mabega, nikamuuliza kwa Kiswahili, Bibi, nani kakufundisha? Aliogopa. Akaanza kusema kwa Kiarabu kwamba ana baridi, anataka nyumbani, anamtaka mama yake. Mimi nami machozi yakanitoka, sijui kwa nini, nikasema ni mchanga. Akaninyooshea kidole shavuni, akafuta, akasema, "Nyamaa." Nikamrudisha nyumbani.

Nilimweleza Madamu jioni hiyo hiyo, nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu cha thamani cha mwenyewe na sasa anakirudisha. Sikupokelewa hivyo. Madamu alisema haiwezekani. Mama yake hakuwahi kutoka nchini isipokuwa kwenda Makka, hakuwahi kufika Afrika, na Kiswahili hakijui. Nikamwambia jirani pia kasikia. Uso wake ukakaza. Akasema daktari ameonya kwamba wagonjwa kama hawa hushika chochote wanachosikia, na kwamba mimi ndiye ninayemchanganya mama yake kwa kuongea naye lugha isiyo yake. Aliniomba, kwa adabu lakini kwa namna isiyo na majadiliano, nisiongee tena Kiswahili mbele ya mama. Na bustani, akasema, kwa sasa atampeleka yeye mwenyewe.

Nikabaki jikoni. Asubuhi nilisikia gari likitoka, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilianza kuamini kwamba labda kweli nilikosea. Nilijirudia lile neno, mwate, mwate, mpaka likapoteza maana. Ijumaa nilikwenda kwa binamu yangu, mtaa wa Bin Mahmoud, nikamsimulia tukila wali. Yeye alitafuna, akasema mambo ya nyumba za watu yaache kwenye nyumba za watu. Nikasema huyo mwenye nyumba kaniambia kwa lugha yangu. Binamu akasema hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuyaacha. Hakunieleza alikuwa na maana gani, nami sikuuliza.

Asubuhi moja Madamu alirudi mapema kutoka bustanini. Alimkalisha mama yake sebuleni, akaja jikoni, viatu vina udongo, akafunga mlango. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kufunga mlango ule. Nilifikiri nafukuzwa.

Akaniuliza, "Nyamaa ni nini?"

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekatazwa. Akarudia. Nikamwambia ni kunyamaza, usilie, ndivyo watu wa Pwani wanavyombembeleza mtoto.

Akavuta kiti akakaa kwenye meza yetu ya kukatia vitunguu. Akanieleza kwamba kule bustanini kalunguyeye, kale kanyama ka miiba, kalitoka chini ya majani ya kabichi, kakajikunja mpira mbele ya miguu yake, naye akapiga kelele. Mama yake akamshika mkono akasema nyamaa. Na Madamu akasimama pale akikumbuka kwamba neno hilo alilisikia utoto wake wote. Walipoanguka, walipoota ndoto mbaya, mama yao aliwaambia hivyo. Yeye na ndugu zake walidhani ni neno la nyumbani tu, sauti ya kubembeleza isiyo na maana, ambayo mama yao aliitunga. Yeye mwenyewe aliwaambia wanawe hivyo hivyo. Alisema hayo yote akitazama mikono yake.

Kisha akaniambia kilichobaki, kidogo kidogo, kama mtu anayevuka barabara. Nyumbani kwa babu yake, zamani, kabla ya mafuta kubadilisha mambo, kulikuwa na mwanamke aliyemlea mama yake tangu kunyonya. Mwanamke mweusi, alisema, kisha akanitazama kama amenikosea. Walimwita Dada. Alilala na watoto, alipika, alichota maji. Alifariki Madamu hajazaliwa.

Nikamuuliza alitoka wapi. Hakujua. Nikamuuliza alikuja vipi. Hapo akasema, "Alikuwa wetu."

Kiarabu changu ni cha jikoni. Sikuweza kujua kama alisema alikuwa mtu wa kwetu, kama tunavyosema ndugu, au alikuwa mali yetu. Nilimwomba arudie. Hakurudia. Akainuka, akafungua mlango, na kabla ya kutoka akasema kesho nimpeleke mama bustanini kama zamani, na niongee naye ninavyotaka.

Ningependa kusema nilifurahi. Asubuhi iliyofuata, nikimwosha Bibi miguu, nilishikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Niliwaza mikono mingine kama yangu ikiosha miguu hii hii ikiwa midogo, na mwenye mikono hiyo bila ruhusa ya kwenda kwao, bila simu ya kumpigia mama, bila tarehe ya kumaliza mkataba. Kisha Bibi akaniwekea mkono kichwani kama anavyofanya, na hasira ikakosa pa kukaa. Mtoto aliyelelewa alikuwa na kosa gani? Na kama hana, hasira yangu ilikuwa ya nani? Alimpenda yule mwanamke, hilo lilikuwa wazi; alikuwa amesahau wanawe na hakumsahau yeye. Nilikuwa nasikia wivu, huruma na chuki kwa wakati mmoja, na maji kwenye beseni yakapoa.

Nilimpigia simu mama yangu Lushoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: huyo mama aliitwa nani? Sikuwa nimeuliza. Nilipomuuliza Madamu alimpigia mjomba wake mzee, wakaongea kwa muda mrefu barazani. Akarudi akaniambia mjomba naye anamjua kwa jina la Dada tu. Jina la kwao, kama alikuwa nalo, hakuna aliyebaki anayelijua. Madamu alisema "kama alikuwa nalo," halafu akajisahihisha: lazima alikuwa nalo.

Mayai yalianguliwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Vifaranga vilitoka na miguu tayari, vikakimbia kwenye mchicha kama vimewashwa moto, na wazazi wao wakatupigia kelele kuliko kabla. Bamia sikupanda. Mchicha ulistawi vizuri, nikauchuma, nikaupika kwa nazi, nikampelekea Bibi kwa matarajio makubwa. Alionja, akasema kwa Kiarabu chumvi imezidi, akasukuma sahani. Madamu aliumaliza amesimama, kwa kijiko cha kupakulia. Nilimsemesha Bibi Kiswahili kila siku, asubuhi na mchana, na mara nyingi alinitazama kama redio. Sentensi nyingine nzima kama ile ya siku ya shamali sikuipata tena. Joto likaingia, mtunza bustani akatangaza kwamba maji yatafungwa mpaka baada ya kiangazi, tukakunja wavu.

Kiangazi hicho Bibi aliacha kutembea. Tulikaa ndani, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Madamu akirudi kazini alikaa nasi kitandani kwa mama yake, akaniuliza maneno: maji, mto, maumivu, lala. Aliyatamka vibaya, nikamrekebisha, naye hakuchukia. Bibi alitutazama kwa zamu, na mpaka leo sijui alisikia nini.

Siku moja Madamu aliniuliza mtu akitaka kuomba radhi kwa Kiswahili anasemaje. Nikamwambia husema samahani. Akatabasamu kidogo, akasema hilo neno ni la Kiarabu. Nikamwambia najua. Aliushika mkono wa mama yake, kisha akalisema, polepole, kwa matamshi yetu. Alikuwa anatazama katikati, baina yangu na kitanda. Sikujua anamwambia nani, na sikuona kama ni mahali pangu kuuliza. Nikainuka kwenda kuleta uji.